Anayeimba na Anayenyamaza

Kuna swali nimekuwa nikiwauliza watu kwa zaidi ya mwaka sasa. Nimewauliza ndani ya matatu, kwenye vibanda vya chai, na siku moja hata kwenye foleni ya benki. Swali lenyewe ni hili: una pesa za kumwokoa mnyama mmoja tu asipotee duniani. Kuna ndege mdogo wa mlimani, anaimba vizuri kabisa. Na kuna paa mdogo wa msitu wa pwani, haimbi, hafanyi lolote la kukupendeza, anakula majani yaliyoanguka. Utamwokoa nani?

Karibu wote hunijibu: ndege. Nikiuliza kwa nini, jibu huja haraka, kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. Si anaimba? Wachache wanaomchagua paa husema ni kwa sababu ana nyama, halafu hucheka. Mmoja aliniambia, "Huyo paa wako akiokolewa, nipigie simu."

Mtu akisikia swali hili hudhani nauliza habari za wanyama. Mimi naona linatuuliza sisi. Tunaamuaje nani anastahili huruma yetu? Je, ni lazima mtu awe na sauti ndipo tumhesabu? Hebu tulichambue taratibu, kwa sababu ndege huyo yupo kweli na paa huyo yupo kweli, na wote wawili wako taabani.

Tuanze na ndege. Ni mkesha wa Taita, ambaye wataalamu humwita Turdus helleri. Kitaalamu alielezwa mwaka 1913. Ana kichwa na kifua cheusi, mdomo wa rangi ya chungwa, pete ya chungwa kuzunguka jicho, ubavuni rangi ya kutu na tumbo jeupe. Urefu wake ni sentimita 20 na kitu. Anaishi katika Milima ya Taita nchini Kenya, na hapo tu. Ukimkosa Taita usijisumbue kumtafuta Usambara wala kwingine kokote. Milima hiyo ni ncha ya kaskazini ya Tao la Mashariki, ule mnyororo wa milima ya kale unaopita Pare na Usambara hadi Udzungwa, na Kenya imepata kipande hicho kimoja tu. Msitu wa asili uliobaki Taita umekatikakatika. Vipande anavyoishi mkesha ni kama Mbololo, Ngangao na Chawia. Mbololo ndicho kikubwa, nacho hakifiki kilomita 3 za mraba.

Sasa paa. Yeye ni paa nunga, wa ukoo wa kina funo, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1918. Jina lake la kisayansi limetokana na Aders, mtaalamu wa wanyama aliyekuwa mtumishi wa serikali Zanzibar enzi za Waingereza. Ana uzito wa kilo 7 hadi 12 hivi, manyoya mekundu, na mkanda mweupe unaopita matakoni. Yupo Unguja, upande wa Jozani na misitu mingine ya mawe ya matumbawe. Yupo pia pwani ya Kenya, katika Arabuko-Sokoke na katika misitu ya Boni na Dodori huko Lamu na Garissa. Chakula chake ni majani, maua na matunda yaliyodondoka. Mara nyingi hupita chini ya miti ambamo kima na ndege wanakula, akiokota wanachoangusha. Yaani anaishi kwa makombo ya walioko juu.

Niseme neno moja kuhusu majina, maana wasomaji wa fasihi tunapenda haya. Kamusi nyingi zikitafsiri paa humgeuza kuwa ama swala wa mbugani ama ayala, yule tunayemsoma kwenye Zaburi. Ayala hajawahi kuishi msituni kwetu; kusini mwa Sahara hana asili. Na swala wa mbugani hayuko Unguja. Paa wa misitu yetu ni mnyama mfupi wa kujificha, hafiki goti la mtu mzima kwa kimo cha kushangaza watalii. Halafu Kiswahili nacho kina mzaha wake. Kupaa ni kuruka juu, na jina la kupaa tumempa mnyama wa ardhini. Upande wa pili, mkesha ana mabawa mazima, lakini ni ndege wa chini ya msitu, huchakura majani makavu akitafuta wadudu na matunda, na hapendi kabisa kuvuka mahali pa wazi. Shamba la mahindi kati ya kipande kimoja cha msitu na kingine kwake ni kama bahari. Mwenye jina la kupaa hapai, na mwenye mabawa amefungwa na shamba la jirani.

Kwa hiyo hawa wawili wanafanana kuliko tunavyodhani. Wote ni wa kivulini, wote huishi kwa kilichodondoka, wote hukimbia wakisikia mguu wa mtu. Kinachowatenga machoni petu ni koo la ndege.

Basi tulipime hilo koo. Wimbo wa mkesha una thamani gani kimaadili?

Jibu la kwanza: wimbo ni uzuri, na uzuri unafaa kulindwa. Sikatai. Lakini ndege haimbi kwa ajili yetu. Anamwambia dume mwenzake abaki kwake, au anamwita jike. Sisi ni wapita njia tuliosikia ugomvi wa mipaka ya shamba tukaona ni taarabu. Kama thamani ya ndege ni burudani yetu, basi siku tutakayokuwa na spika inayotoa wimbo huohuo, ndege mwenyewe hatutamhitaji tena. Nadhani hakuna kati yetu anayelikubali hilo. Maana yake ni kwamba tunajua, hata bila kulisema, kuwa thamani yake haiko kwenye masikio yetu.

Jibu la pili ni la waandishi. Sisi tunasema asiye na sauti apewe sauti. Ni kazi yetu, ndivyo tunavyojisifu. Lakini paa wa Kiswahili alishapewa sauti zamani. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mkusanyo wa ngano za Unguja, na ndani yake mna kisa cha Sultani Darai. Maskini mmoja anayechakura jaa akitafuta punje za mtama anaokota kisarafu na kumnunua paa. Paa anazungumza. Anaokota almasi, anakwenda nayo kwa sultani, anamposea bwana wake binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa vingi na kumpatia bwana wake jumba la nyoka huyo. Halafu paa anaugua. Bwana wake, ambaye sasa ni tajiri, anaagiza apikiwe uji wa mtama mbovu. Paa anakufa kwa uchungu zaidi kuliko ugonjwa, na anatupwa kisimani. Mwisho wake bwana anaamka akiwa jaani palepale alipoanzia.

Watoto hufundishwa kuwa hiki ni kisa cha ukosefu wa shukrani, na kweli ni hivyo. Mimi nakisoma pia kama onyo kwetu sisi wagawaji wa sauti. Paa yule aliongea, tena aliongea vizuri kuliko bwana wake, na haikumsaidia. Alipendwa akiwa anazalisha. Alipolala mgonjwa, akawa mnyama tena. Sauti aliyopewa ilikuwa sauti ya mtumishi. Nikiangalia jinsi tunavyoandika habari za wanyamapori leo, sioni tofauti kubwa: mnyama huyu anavutia watalii, mnyama yule anaingiza fedha za kigeni. Mhariri mmoja niliyempelekea wazo la makala ya paa nunga aliniuliza, "Anasaidia nini?" Nikamwambia hasaidii kitu, anakula majani. Akaniomba nimtafutie habari ya ndege, iwe na picha nzuri.

Tuachane na sauti basi. Kuna kipimo kingine, nacho ni maumivu. Mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham, katika kitabu chake cha mwaka 1789, alisema kuwa ukitaka kujua kama kiumbe anaingia kwenye hesabu ya maadili, usiulize kama anafikiri au anasema, uliza kama anaweza kuumia. Hapa paa anapanda juu ghafla.

Paa nunga hunaswa kwa tanzi za waya. Waya wa breki ya baiskeli unatosha. Hufungwa kwenye mti mchanga, kitanzi kinakaa kwenye kijia cha mnyama, na paa akipita kinamkaza shingoni au mguuni. Anavuta, kinakaza zaidi. Niliwahi kuongea na mzee mmoja kando ya Arabuko-Sokoke ambaye alitega kwa miaka mingi kabla ya kuacha. Nilimuuliza, "Mzee, paa akinaswa hulia?"

"Hulia, mwanangu. Hulia kama mtoto mchanga."

"Na wewe ulikuwa ukimsikia unafanya nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali na mgeni. "Nitamsikiaje? Waya haukai na mtu. Waya wakaa peke yake, mimi niko nyumbani nimelala. Asubuhi nikifika kashanyamaza."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Tulisema paa hana sauti. Kumbe anayo, na anaitoa usiku mzima, ila mwenye waya hayupo. Wasasi wa zamani wa Unguja waliwinda kwa nyavu na mbwa, kundi zima la watu, wakikimbia na kupiga kelele. Sidai kwamba paa wao alikufa kwa raha. Lakini mtu aliyemuua alikuwepo na alimwona, na mnyama wa kuchinjwa alichinjwa na mkono wenye mwenyewe. Waya umeondoa shahidi. Unaua bila mtu kuwepo, na wakati mwingine unamuua ambaye hakukusudiwa, na wakati mwingine mwenyewe hata hajarudi kuuangalia, nyama inaoza hapohapo.

Kwa kipimo cha maumivu, basi, paa anamshinda ndege. Lakini ngoja kidogo.

Mkesha wa Taita anatoweka kwa njia nyingine. Picha za angani za mwaka 1955 zikilinganishwa na za 2004 zinaonyesha kwamba takriban nusu ya msitu wa asili wa Taita ilipotea katika kipindi hicho. Sehemu yake ikawa mashamba, sehemu ikapandwa misonobari na mikaratusi. Ndege waliobaki katika vipande vilivyoharibika hawalii. Wanakula, wanaimba, wanataga. Ila watafiti walipowakamata ndege wa misitu hii na kuwapima miguu, walikuta jambo la ajabu: kadiri msitu ulivyoharibika, ndivyo mguu wa kushoto na wa kulia ulivyozidi kutofautiana urefu. Ni tofauti ndogo sana, huwezi kuiona kwa jicho, inahitaji kifaa cha kupimia. Ni dalili kwamba kinda alikua katika dhiki. Chawia, kipande kilichochakaa zaidi, kilitoa ndege wa namna hiyo kuliko Mbololo.

Hapo kipimo cha Bentham kinakwama. Hakuna ndege anayeumia kwa sababu mguu mmoja umezidi mwenzake kwa upana wa unywele. Hakuna ndege anayelia kwa kuwa mwaka huu makinda ni machache kuliko mwaka jana. Spishi nzima inaweza kuisha bila hata mmoja wao kupata maumivu makali kuliko ndege yeyote mwingine wa porini. Mkesha wa mwisho atakufa kama mikesha wote wanavyokufa, kwa uzee au kwa mwewe. Maumivu hayajaongezeka, na bado kila mtu anahisi kuna dhuluma kubwa imetendeka. Imetendwa kwa nani?

Wanafalsafa wamegawanyika hapa, na mgawanyiko wenyewe si wa mchezo. Mmarekani Tom Regan, katika kitabu alichokitoa mwaka 1983, alishikilia kuwa mwenye haki ni mnyama mmojammoja, maana ndiye anayeishi maisha yake. Spishi haina maisha ya kuishi. Mwenzake wa zamani zaidi, Aldo Leopold, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1949 baada ya kufa kwake, aliona kwamba jamii tunayowiwa ni nzima, pamoja na udongo, maji, mimea na wanyama, na jambo jema ni lile linaloiacha jamii hiyo ikiwa salama. Kwa Regan, paa kwenye waya ndiye kesi. Kwa Leopold, kesi ni msitu wa Mbololo.

Watu wengi hujaribu kukata mzizi wa fitina kwa kusema: basi tumwokoe aliye adimu zaidi. Ni jibu la kihasibu na lina mvuto wake. Lakini angalia lilivyomtendea paa nunga. Kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa katika hatari kubwa kabisa. Halafu, karibu na mwaka 2010, kamera za kutega katika misitu ya Boni na Dodori zikaonyesha kwamba wapo huko wengi kuliko ilivyodhaniwa. Habari njema, na nilifurahi kama kila mtu. Sasa niambie: siku ile picha zilipotoka, paa aliyekuwa kwenye waya huko Sokoke, mamia ya kilomita kutoka hapo, alipungukiwa thamani? Maumivu yake yalishuka bei kwa kuwa ana ndugu wengi Boni? Uadimu unatuambia tukimbilie wapi kwanza. Hautuambii kwa nini paa mmoja ni kitu.

Ndiyo maana nimefikia kuamini kwamba swali langu la kwenye matatu lina mtego ndani yake. Linataka tuweke paa na ndege kwenye mizani moja, wakati wanachotudai ni vitu viwili. Paa anatudai tusimtende. Ni deni la leo, la mkono wangu na waya wangu. Mkesha anatudai tuache nafasi. Ni deni la miaka mingi, halina mkosaji mmoja, na anayedai hasa hajazaliwa bado. Huwezi kulipa moja kwa sarafu ya lingine. Mtu anayepanda miti Taita hajamtoa paa kwenye tanzi, na mtu anayezunguka Sokoke akikusanya waya hajaunganisha Ngangao na Mbololo.

Nasikia mtu akisema: mwenzetu, umesahau binadamu. Sijasahau. Mzee yule wa Sokoke aliniambia jambo la pili ambalo naona ni zito kuliko la kwanza. "Wewe ukiona paa waona mnyama. Mimi niliona karo ya mtoto." Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haimruhusu mtu kuwinda hata kitoweo cha nyumbani. Waaweer wa Boni, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Waboni, waliishi kwa kuwinda na kurina asali vizazi kwa vizazi. Marufuku ile iliwageuza wahalifu katika msitu wao wenyewe. Na ni msitu huohuo, wa watu waliokuwa wakila paa, ambao umekutwa bado una paa. Sisemi uwindaji ndio uliowalinda. Msitu ule ni mkubwa, barabara ni chache, na tangu operesheni za usalama zianze wengi hawathubutu kuingia. Lakini nasema angalau tusiwaangalie Waaweer kana kwamba wao ndio tatizo, wakati sisi tuliokata misitu yetu yote na kuimaliza tunakaa mjini tukiwafundisha kupenda wanyama.

Taita nako ni hivyohivyo. Mama mmoja anayelima pembezoni mwa msitu alinisikia nikimsifia mkesha, akaniambia, "Huyo ndege wenu nadhani namsikia kila alfajiri nikienda kuchota maji. Wanakuja wageni na darubini, wanamtafuta, wanaondoka. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nimesikia nini." Kisha akaniuliza kama nia yetu ni ashuke mlimani ili ndege apite. Nilimwambia hapana. Akasema, "Basi andika hivyo." Nimeandika, mama.

Haki kwa wanyama inayolipwa na maskini peke yao ni wizi, hata ikiwa na nembo nzuri ya kijani. Kama mkesha anahitaji ukanda wa miti ya asili kati ya kipande na kipande, mwenye shamba alipwe, tena alipwe vizuri, si kupewa fulana na semina. Kama mtu aache waya, awe na kitu cha kushika badala yake. Hili si suala la hisani. Wazee walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na katika habari hii wanyonge wako wengi, wa miguu miwili na wa miguu minne.

Kuna mfano wa karibu ambao huwa nautumia, ingawa kwa tahadhari. Wataita walikuwa na fighi, sehemu takatifu za msitu ambazo hazikuguswa ovyo. Wamijikenda wana kaya zao, misitu iliyolindwa na wazee, ambayo UNESCO iliitambua kama urithi wa dunia mwaka 2008. Hakuna mzee aliyeilinda kaya kwa ajili ya ndege. Aliilinda kwa ajili ya waliozikwa humo na viapo vilivyofanyika humo. Ndege na paa waliingia kama wageni waliokuta nyumba wazi. Naona hekima hapo: watu walikubali kwamba kuna mahali wanapoweza kukata lakini hawatakata. Hawakuhitaji kwanza kumpenda kila anayeishi ndani. Sitaki kupamba mambo, kaya nyingi nazo zimemegwa, wazee wanapungua na vijana wana mahitaji mengine. Ila wazo la kujizuia bila kungoja kuimbiwa, hilo nadhani bado linatufaa.

Basi nimchague nani? Nimeuliza watu wengi, si haki nijifiche. Kama mkoba wa pesa ni mmoja kweli, nitaupeleka Taita. Ardhi ni ghali, miti ya asili huchukua miongo kukua, na mkesha hana Boni yake iliyofichika mahali. Akiisha pale ameisha. Lakini nitasema waziwazi kwamba nimechagua kwa sababu ya hesabu hiyo na kwa sababu ya deni hilo la pili. Wimbo wake sijauhesabu. Na nitakapoutoa mkoba, deni la paa litakuwa bado liko palepale, kwa sababu halikuwa la mkoba tangu mwanzo. Linalipwa kwa miguu: kuingia msituni, kutembea kwenye vijia, kuinama, kuufungua waya. Wapo watu wa vijiji vya kando ya misitu wanaofanya kazi hiyo, na wengi wao hawajawahi kuandikwa popote.

Mimi ni mwandishi wa habari, na kazi yangu imejengwa juu ya kuwepo mahali jambo linapotendeka. Kinachoniumiza katika habari hizi mbili ni kwamba zote hutendeka bila mtu. Waya unakaza usiku mwenyewe akiwa amelala. Mguu wa kinda unakua mfupi bila yeyote kuuona hadi aje mtu na kipimo. Tukisubiri mnyama atuimbie ndipo tugeuke, tutawaokoa waimbaji wachache, na hata hao tutachelewa. Mkesha naye anakaribia kuisha, na amekuwa akiimba muda wote huu.